Maji ya Besmenti: Jua Yatokako Kabla ya Kununua Pampu

Jumapili ya tarehe 2 Julai 2023 jiji la Chicago lilinyeshewa mvua isiyokatika. Katikati ya jiji gumzo lilikuwa mbio za magari za NASCAR, zilizocheleweshwa na mvua kisha zikafupishwa. Upande wa magharibi, katika mtaa wa Austin na miji jirani ya Cicero na Berwyn, watu walikuwa na kilio kingine. Baadhi ya sehemu za huko zilipata zaidi ya milimita 200 za mvua, na maji yakajaa katika vyumba vya chini ya ardhi, zile besmenti ambazo nyumba kongwe nyingi za eneo hilo zinazo. Mwezi uliofuata serikali ya shirikisho ilitangaza kuwa ni janga, watu wakaanza kujaza fomu za msaada.

Kwa aliyekulia Dar es Salaam au Uvira, mafuriko ni maji unayoyaona yakija: yanavuka barabara, yanapanda kizingiti, yanaingia mlangoni. Huko Chicago wengi waliyaona yakiingia kwa njia nyingine kabisa. Mlango umefungwa, madirisha yamefungwa, ukuta haujalowa, lakini tundu la kupitishia maji katikati ya sakafu linabubujika. Kisha bafu linajaa lenyewe. Kisha choo. Na nyumba ya pili yake, ya umri uleule na ramani ileile, kavu.

Kusema "besmenti imejaa maji" ni kama kusema mtoto ana homa: umetaja dalili, bado hujataja ugonjwa. Maji hufika kule chini kwa njia zisizopungua nne. Yanaweza kurudi kupitia bomba la majitaka, kupenya ukutani na sakafuni kutoka ardhini, kumwagika kutoka juu kupitia dirisha au ngazi, au kuzaliwa humohumo ndani kwa bomba lililopasuka na hewa yenye unyevu. Kila njia ina tiba yake, na tiba ya njia moja mara nyingi haiisaidii nyingine hata kidogo, au huizidisha. Muuza pampu atakuambia ununue pampu. Muuza rangi ya kuzuia maji atakuambia upake rangi. Hakuna kati yao anayeanza kwa kuuliza maji yametoka wapi, na ndiyo maana kuna watu waliotumia maelfu ya dola na bado wanaamka kukoga tope.

Shimo la kuwekea makaa

Sisi tuliozoea kumwaga jamvi juu ya ardhi na kupandisha ukuta hujiuliza kwa nini watu walijichimbia shimo chini ya nyumba. Sababu ni baridi. Udongo wenye maji ukiganda huvimba, na ukivimba hunyanyua msingi. Chicago kanuni za ujenzi zinautaka msingi ushuke inchi 42, zaidi kidogo ya mita 1, ili ukae chini ya udongo unaoganda. Sasa ukishachimba mita nzima kuzunguka nyumba yote, ukiongeza kina kidogo umejipatia ghorofa ya bure.

Ghorofa hiyo hakuna aliyekusudia kulala ndani yake. Palikaa tanuri la kupasha nyumba joto, lundo la makaa ya mawe na mabeseni ya kufulia. Zile nyumba za matofali za Chicago zinazoitwa bungalow, zipatazo 80,000, zilijengwa zaidi kati ya 1910 na 1940, na wajenzi wake waliona unyevu kidogo chini kuwa jambo la kawaida. Nyumba za karne ya 19 zilikuwa na misingi ya mawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Baadaye yakaja matofali, zege na matofali ya saruji yenye uwazi ndani. Leo makaa yameondoka. Mahali pake pamewekwa zulia, kuta za jipsamu, televisheni na vitanda, na besmenti nyingine ni nyumba kamili za kupangisha. Kipimo chetu cha ukavu kimebadilika, ukuta ni uleule wa zamani.

Jambo hili linawahusu wasemaji wa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi waliopokelewa Marekani wamejikuta katika miji mikongwe kama Chicago, Columbus, Indianapolis na Louisville, na mgeni mwenye kipato kidogo hupangishwa kule ambako kodi ni nafuu. Mara nyingi huko ni chini.

Bomba moja, maji ya aina mbili

Chicago imejengwa juu ya mfinyanzi, kwenye eneo lililowahi kuwa kitanda cha ziwa la kale, na ni tambarare. Mwaka 1855 jiji lilimpa mhandisi Ellis Chesbrough kazi ya kuliwekea mfumo wa majitaka. Bomba linahitaji mteremko, na mteremko haukuwepo. Basi mabomba yalilazwa karibu na uso wa ardhi, udongo ukajazwa juu yake, na barabara zikapanda. Majengo makubwa ya katikati ya jiji yalinyanyuliwa kwa jeki yafuate barabara. Wasio na uwezo walibaki walipokuwa, na mpaka leo katika mtaa wa Pilsen utaona nyumba ambazo ghorofa yake ya kwanza ya zamani iko chini ya usawa wa njia.

Kuna uamuzi wa enzi hiyo ambao hauonekani kwa macho lakini ndio unaoumiza zaidi: bomba lilelile hubeba majitaka ya vyoo na maji ya mvua kwa pamoja. Miji mingi mikongwe ya Marekani na Ulaya ilijengwa hivyo. Siku kavu hakuna shida, maji yote hufika kwenye mtambo wa kusafisha. Mvua kubwa ikishuka, bomba lililokuwa karibu tupu linajaa kwa dakika chache, na kilichomo ni mchanganyiko wa mvua ya mtaa mzima na vyoo vya mtaa mzima.

Jiji halikukaa bure. Mwaka 1972 ulipitishwa mpango wa mahandaki na mabwawa, ujenzi ukaanza 1975. Mahandaki ya urefu wa kilomita 175 hivi, mengine yakiwa mita 90 chini ya ardhi, yalikamilika 2006; bwawa la Thornton lilianza kazi 2015 na sehemu ya kwanza ya bwawa la McCook 2017. Ni miongoni mwa kazi kubwa za uhandisi wa maji duniani. Mkazi wa Austin ana haki ya kuuliza: kama ni hivyo, mbona choo changu bado kinarudisha?

Kwa sababu kati ya choo chake na handaki lile kuna bomba la mtaani. Handaki hupokea maji kutoka kwenye mabomba makuu, na mabomba makuu hupokea kutoka yale madogo yaliyo chini ya kila barabara. Bomba la mtaani lilipimwa kwa mvua za kawaida. Ikija mvua ya saa chache yenye maji ya mwezi mzima, linajaa hapohapo mtaani, na handaki likiwa tupu huko chini halikusaidii kitu. Foleni iko kwenye kichochoro, barabara kuu ina nafasi.

Likijaa, kinachofuata ni fizikia ya shule ya msingi. Maji hutafuta usawa wake. Nyumba yako imeunganishwa na barabara kwa bomba lisilo na kizuizi, na tundu la sakafu ya besmenti ndilo mdomo wa chini kabisa wa bomba hilo. Maji katika bomba la barabarani yakipanda hadi mita 1 juu ya sakafu yako, nayo yatataka kufika mita 1 ndani mwako. Hayana haja ya mlango. Tundu la sakafu hutangulia kwa kuwa liko chini, bafu hufuata, choo hufuata. Na jirani aliyebaki kavu? Huenda sakafu yake iko sentimita 40 juu ya yako. Huenda ana valvu ya kuzuia maji kurudi. Huenda mwenye nyumba wa kabla yake alibadili mabomba na hakumwambia mtu.

Kabla ya kulaumu jiji, hata hivyo, chunguza bomba lako mwenyewe, lile linalotoka nyumbani hadi barabarani. Katika nyumba za zamani ni la mfinyanzi wa kuchomwa, vipande vifupi vilivyounganishwa, na mizizi ya miti hupenda sana viungo hivyo. Ongeza mafuta ya kupikia na vile vitambaa vya kujifutia vinavyodaiwa kuyeyuka. Namna ya kutofautisha si ngumu. Maji yakirudi siku ya jua, mtu anapofua au kuoga ghorofani, tatizo ni lako. Yakirudi wakati wa mvua kubwa tu, na majirani nao wanalia, tatizo ni la mtaa. Fundi bomba mwenye vifaa hupitisha kamera ndani ya bomba na kukuonyesha ufa au mzizi kwenye kioo. Fundi anayetaka kuchimba bila kupitisha kamera, msindikize mlangoni.

Kuziba tundu si kuziba maji

Jambo la kwanza mtu analofikiria akiona tundu la sakafu linabubujika ni kuliziba. Wengine huweka mpira, wengine tambara na jiwe juu yake. Mafundi wa zamani walikuwa na njia nadhifu zaidi: bomba fupi la wima, la futi 3 hivi, linalozungushwa kama skrubu kwenye tundu. Maji hupanda ndani ya bomba hilo badala ya kusambaa sakafuni, na yakiishia chini ya futi 3 umesalimika. Ni rahisi kwa bei. Lakini kama besmenti ina choo au bafu, maji yatatokea huko. Na hata kama haina, shinikizo lililozuiwa hapa halijatoweka, liko kwenye mabomba ya miaka 90 yaliyolala chini ya sakafu, na linaweza kuyapasua au kuinua zege lenyewe. Kwa hiyo bomba refu zaidi ya hapo ni kujitafutia balaa.

Hatua ya juu zaidi ni valvu ya kuzuia maji kurudi. Hukaa kwenye bomba linalotoka nje, mara nyingi ndani ya chemba uani au mbele ya nyumba. Ndani yake mna kilango: maji yako yakitoka kinafunguka, ya barabarani yakirudi kinajifunga. Ni kifaa kizuri kikitunzwa. Kisipofunguliwa na kusafishwa, mafuta na vitambaa hukaa kwenye kingo zake, kilango hakifungi sawasawa, na mwenye nyumba hugundua hilo siku asiyotaka kugundua.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wenye valvu nzima. Kilango kikijifunga, maji ya jiji hayaingii, na yako hayatoki. Mtu akivuta choo ghorofani, akioga, au mashine ya kufulia ikimwaga maji, yote huteremka mpaka kwenye kilango, hukuta kimefungwa, na kutokeza kwenye tundu la sakafu. Kwa hiyo wakati wa mvua kubwa nyumba yenye valvu haipaswi kutumia maji. Mwambie kila anayeishi humo, hasa wapangaji wa juu ambao hawaoni kinachotokea chini.

Na paa? Katika nyumba nyingi kongwe za Chicago mabomba ya gata, yale yanayoteremsha maji ya paa, yaliteremshwa moja kwa moja ardhini, yakaunganishwa na bomba la majitaka la nyumba. Piga hesabu. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50 hukusanya lita 5,000. Kama maji hayo huingia kwenye bomba kabla ya valvu, na valvu imefungwa, yana sehemu moja tu ya kwenda. Besmenti ya mita za mraba 60 itapata zaidi ya sentimita 8 za maji, na hakuna hata tone lililotoka barabarani. Mwenye nyumba amelipia valvu ili azamishwe na paa lake mwenyewe. Kuyatenganisha mabomba ya gata na majitaka, yamwage uani, ni kazi ya kutangulia valvu, na kwa bahati nzuri ndiyo kazi rahisi kuliko zote katika habari hii.

Suluhisho la kina kwa tatizo la bomba ni kulipandisha bomba lenyewe. Bomba la majitaka linaondolewa chini ya sakafu na kuning'inizwa karibu na dari ya besmenti, linatoka ukutani kwa juu, kisha linateremka nje kwenda barabarani. Ghorofa za juu humwaga kwa mteremko kama kawaida. Choo na bafu la chini humwaga kwenye kisima kidogo kilichofunikwa, chenye pampu inayosukuma majitaka hadi kwenye bomba la juu. Sasa maji ya barabarani yanapaswa kupanda karibu na usawa wa barabara yenyewe ndipo yakufikie. Vitongoji vya Chicago vinaupenda mtindo huu, na baadhi ya halmashauri hurudishia mwenye nyumba sehemu ya gharama, kwa kuwa kazi hii hupita kwa urahisi dola 10,000. Uliza ofisi za mji wako kabla hujaanza. Aghalabu wanaoanza kazi bila kibali hawarudishiwi kitu.

Jiji nalo limeweka vidhibiti kwenye matundu ya barabarani ili mvua iingie bombani polepole. Matokeo yake barabara hugeuka dimbwi kwa saa kadhaa na wenye magari hukasirika. Mwenye besmenti anapaswa kulipenda dimbwi hilo. Maji yaliyo barabarani hayajafika chooni kwake.

Ukuta unaotoa jasho la ardhi

Maji ya ardhini yana tabia nyingine. Hayanuki choo. Huonekana penye kiungo cha ukuta na sakafu, au kwenye ufa, na hukawia: mvua imenyesha asubuhi, maji yanatokea usiku, na hukaa siku mbili tatu baada ya jua kutoka. Huja pia wakati wa machipuko, theluji inapoyeyuka juu ya ardhi ambayo bado imeganda. Ukiona unga mweupe ukutani, ni chumvi iliyoachwa na maji yaliyopita kwenye matofali na kukauka, na ni ushahidi wa miaka, haufutiki kwa maneno ya muuzaji wa nyumba.

Kinachotokea ni hiki. Walipochimba shimo la nyumba walichimba pana kuliko nyumba, kisha wakajaza udongo pembeni mwa ukuta. Udongo uliojazwa haushikani kamwe kama ule wa asili. Katika mji wa mfinyanzi, nyumba inakuwa imekaa ndani ya bakuli: kuta za bakuli hazipitishi maji, na nafasi kati ya bakuli na nyumba inayanywa. Maji yakisimama humo kwa kina cha mita 1, chini kabisa yanausukuma ukuta kwa uzito wa karibu tani moja kwa kila mita ya mraba. Rangi ya kuzuia maji iliyopakwa upande wa ndani haina cha kushikilia dhidi ya msukumo unaotoka nyuma yake. Itavimba mapovu na kubanduka. Naomba tukubaliane kwamba rangi hiyo ni ya kuuzia nyumba, si ya kuzuia maji.

Kabla ya kufikiria pampu, toka nje mvua inaponyesha, na mwavuli. Tazama gata zilizojaa majani zikifurika juu ya ukuta. Tazama bomba la gata linalomwaga chini kabisa ya msingi. Tazama udongo uliodidimia kando ya ukuta, njia ya zege iliyoinamia nyumba, kishimo cha dirisha la besmenti kilichojaa takataka. Kipimo kinachotumika huko ni ardhi iteremke inchi 6 katika futi 10 za kwanza, yaani sentimita 15 katika mita 3, na bomba la gata limwage mita 2 au 3 mbali na ukuta bila kumwelekezea jirani. Kazi hizi ni za makumi au mamia ya dola, na nyumba nyingi zenye unyevu wa ukutani huponea hapo. Hazina faida kwa kampuni kubwa, kwa hiyo hutaziona kwenye matangazo.

Zisipotosha, ndipo inakuja mifereji ya chini. Ya nje inamaanisha kuchimba kuzunguka nyumba hadi chini ya msingi, kupaka ukuta kizuia maji upande yanakotoka, na kulaza bomba lenye matundu ndani ya kokoto. Ndiyo bora na ndiyo ghali, na haiwezekani pale nyumba mbili zinapoachana kwa upana wa mtu mmoja. Ya ndani ni kukata zege ya sakafu pembeni mwa ukuta, kulaza bomba kama hilo, na kuelekeza maji kwenye kisima chenye pampu. Hii haizuii maji kuingia, inayapokea na kuyatoa. Hakuna aibu katika hilo, mradi ujue ndicho unachonunua.

Nyumba kongwe ina masharti yake. Msingi wa mawe wa karne ya 19 wakati mwingine haukukaa juu ya kitako kipana cha zege. Mawe yamelala tu juu ya udongo. Ukikata na kuchimba karibu yake ovyo unauondolea ukuta kiti. Aitwe mhandisi kwanza. Vilevile ukuta uliojengwa kwa chokaa uzibwe kwa chokaa. Saruji ya kisasa ni ngumu kuliko tofali la zamani. Unyevu uliokuwa ukitokea kwenye viungo laini sasa hulazimika kupita ndani ya tofali, na baridi ikija linamenyeka uso. Kuta za matofali yenye uwazi nazo hujaa maji ndani, na fundi hulazimika kutoboa matundu chini ili yateremkie kwenye mfereji.

Pampu yenyewe ni kifaa cha kawaida: kisima, mota, boya linalopanda na maji na kuiwasha, na valvu ndogo ya kuzuia maji yasirudi kisimani. Udhaifu wake ni umeme. Dhoruba inayoleta maji ndiyo hiyohiyo inayoangusha nguzo, kwa hiyo pampu isiyo na betri ya akiba hukuacha unapoihitaji. Mwagia ndoo ya maji kisimani mara chache kwa mwaka uone kama boya halijanasa. Angalia pia inakomwaga. Ikimwaga kwenye bomba la majitaka, miji mingi inakataza, na hata isipokataza unasukuma maji kwenye bomba ambalo tayari limejaa. Ikimwaga hatua mbili kutoka ukutani, maji yanarudi kisimani na pampu inazunguka usiku kucha ikiyatoa yaleyale.

Unyevu wa hewa ni habari fupi. Kiangazi hewa ya joto hugusa ukuta wa baridi na kutoa matone. Bandika kipande cha karatasi ya alumini ukutani, uzibe kingo zote kwa gundi, usubiri siku moja au mbili. Kikilowa upande wa chumbani, ni hewa, nunua mashine ya kukausha hewa. Kikilowa upande wa ukutani, rudi kwenye mambo ya juu.

Siku maji yameshaingia

Usishuke. Hili watu hulipuuza kwa haraka ya kuokoa vitu. Bodi ya umeme mara nyingi iko besmenti, na hita ya maji na tanuri la gesi vilevile. Kama maji yamefikia soketi au vifaa, au swichi kuu inafikiwa kwa kukanyaga maji, mpigie mtoa huduma ya umeme akate kutoka nje. Ukisikia harufu ya gesi, toka nje kwanza, simu baadaye. Jenereta na pampu za petroli haziendeshwi ndani wala mlangoni. Moshi wake una kaboni monoksidi isiyonuka, na huua watu baada ya kila dhoruba kubwa. Ikae angalau mita 6 kutoka nyumbani.

Kama ukuta umezungukwa na udongo uliojaa maji na ndani mna maji mengi, kuyatoa yote mara moja ni hatari. Maji ya ndani yanausaidia ukuta kustahimili msukumo wa nje. Ukiyaondoa ghafla, ukuta wa tofali au mawe unaweza kuangukia ndani. Ushauri wa FEMA, shirika la shirikisho la majanga, ni kutoa futi 1 hivi, kuweka alama, na kusubiri hadi kesho yake. Yakipanda tena juu ya alama, ardhi bado imejaa, ngoja.

Yaliyorudi kupitia bomba yahesabiwe kuwa kinyesi, hata yakionekana meupe. Viatu vya mpira, glavu, watoto wakae mbali. Zulia, godoro, jipsamu iliyolowa na masanduku ya karatasi vitupwe, lakini vipigwe picha kwanza, pamoja na alama ya maji ukutani. Una saa 24 hadi 48 kabla ya kuvu kuanza kuota. Vitu vigumu huoshwa kwa sabuni, kisha kwa dawa ya klorini, isiyozidi kikombe 1 kwa galoni 1 ya maji, na kamwe isichanganywe na amonia. Na katika nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 usikimbilie kukwangua: rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, na vigae vya sakafu au kitambaa kilichozungushiwa mabomba ya joto vinaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu.

Bima, mpangaji na mnunuzi

Hapa ndipo lile swali la maji yametoka wapi linapogeuka kuwa pesa. Bima ya kawaida ya nyumba nchini Marekani hulipia bomba lililopasuka ghafla ndani. Hailipii mafuriko ya kutoka nje. Hayo yana bima yake ya shirikisho iliyoanzishwa 1968, ambayo kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuilipia. Bima ya kawaida hailipii pia maji yaliyorudi kwenye bomba la majitaka, isipokuwa umeongeza kifungu cha hilo, na kifungu hicho mara nyingi ni cha bei ndogo kuliko watu wanavyodhani. Maji yanayopenya ukutani polepole kwa kawaida hayalipwi na yeyote. Hata bima ya mafuriko ina mkono mfupi besmenti: hulipia tanuri, hita ya maji na bodi ya umeme, lakini si zulia, wala kuta ulizopamba, wala kochi. Ukiripoti hasara kwa neno "mafuriko" ilhali maji yametoka chooni, unaweza kujinyima malipo uliyokuwa na haki nayo. Eleza ulichokiona: yalitokea wapi, saa ngapi, yalinuka vipi.

Mpangaji akumbuke kuwa bima ya mwenye nyumba hailindi mali yake. Aulize bima ya mpangaji, na aulize waziwazi kama ina kifungu cha maji ya kurudi. Tangu Januari 2025 sheria ya Illinois, jimbo lenye Chicago, inamtaka mwenye nyumba amwambie kwa maandishi mpangaji wa ghorofa za chini kama sehemu hiyo imewahi kuingia maji katika miaka 10 iliyopita. Wengi hawaisikii mpaka wameshasaini, kwa hiyo iulizie kabla ya kutoa amana.

Anayenunua naye ana fomu yake. Illinois muuzaji hujaza taarifa ya hali ya nyumba, na miongoni mwa maswali yake ni kama anajua habari ya mafuriko au uvujaji wa mara kwa mara besmenti. Lakini fomu inauliza anachokijua, na aliyenunua kwa mnada ili aipake rangi na kuiuza hajui kitu. Basi soma besmenti yenyewe. Tazama miguu ya tanuri na hita ya maji kama ina kutu kwa kimo kimoja. Tazama nyuma ya rafu, chini ya ngazi, ndani ya kabati la mita, kule ambako rangi mpya haikufika. Tundu la sakafu likiwa na mikato ya skrubu ndani na alama za kufungwa na kufunguliwa, kuna mtu aliwahi kusimamisha bomba pale mvua zilipokuja. Kisha toka nje ukamuulize jirani mzee aliyeketi barazani, si "hapa hujaa maji?" bali "tarehe 2 Julai 2023 kwenu yalifika wapi?"